Kanzu Iliyopigwa Bandi

Fundi cherehani alifika kwenye mafungo ya wito na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Sista wa sakristia, mtunza mavazi ya misa, alicheka kimoyomoyo. Siku zote tatu za ukimya, wenzake walipofumba macho kanisani, vidole vya fundi vilikuwa vikipapasa pindo la shati kutafuta mshono uliolegea. Kabla ya kupiga magoti aliivuta suruali juu kidogo, kama mtu anayejua kitambaa huchakaa wapi. Mezani alimsogezea jirani chumvi kabla hajaitafuta.

Jumamosi mchana Sista alimletea kanzu ya misa aliyoiacha padre mmoja mrefu kama mnara. “Nipunguzie, mwanangu.”

“Kwa kipimo cha nani, Sista?”

“Wewe fanya utakavyoona.”

Akaenda nayo dirishani, akampa Sista mgongo, akajiwekea kifuani na kuinama kutazama inapofika miguuni. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Kesho yake, wakati wa kuagana, padre mlezi alimuuliza kama ameamua kuingia seminari. “Bado, Padre,” akasema, akishika futi yake.

Sista alipoikunjua kanzu aliyorudishiwa, aliona imepunguzwa kwa kipimo cha fundi mwenyewe. Hakukata kitambaa hata inchi. Pindo lilipigwa bandi tu, ile mishono mirefu ya muda, inayofumuka ukivuta uzi mmoja. Akaitundika mwisho wa kabati, mbali na nguo za kufua, akafunga mlango polepole asije akaunasa ule uzi.