Hati ya Shamba Niliyompelekea Karani

Wasomaji, nichekeni kwanza, halafu mnisaidie kumlaumu Mugambi. Pombe ya chang'aa haikuniua, lakini ushauri wa huyo binamu yangu karibu uniue.

Watu wa uhamiaji walimkamata mkwe wangu Nestori, Mrundi anayeuza njugu soko la Nchiru, kwa kukosa kibali. Huyo ndiye niliyezoea kumcheka kwamba ameolewa, maana anaishi kwangu, hana shamba. Bila dhamana Ijumaa ile, Jumatatu angerudishwa kwao, na binti yangu Makena ana mimba yake. Korti ilitukubalia kulipa dhamana kwa simu au kuweka hati ya shamba langu la kahawa.

"Simu ni ya wezi," Mugambi akasema. "Wewe ni mwanaume wa Nkubu. Peleka hati!"

Mke wangu Kanana akaniambia, "Baba Makena, lipa na simu. Pesa ninayo."

"Nyamaza, mama. Mambo ya shamba ni ya wanaume."

Nikabeba bahasha aliyoniachia marehemu baba. Sikuwahi kuifungua, maana kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Kortini nikamwambia karani kwa kifua, "Kahawa yote ile ni yangu. Mfungulie mkwe!"

Akasoma, akanitazama. "Mzee, Kanana ni nani?"

"Ni mke wangu tu."

"Basi kamlete. Baba yako alimwandikia yeye shamba lote."

Nestori akaniita kutoka kizimbani, korti nzima ikisikia: "Baba, kumbe hata wewe umeolewa kwa Mama?"