Taa ya njano chumba cha mzazi

Mimi ni fundi umeme, nina kibanda changu Mikumi, kando ya barabara kuu. Kwa habari za taa huniambii kitu. Wateja nilikuwa nawapa somo bure: balbu nyeupe ina bluu nyingi ndani yake, ya njano bluu imepungua, kwa hiyo chini yake cheupe na cha njano unaweza usivitofautishe. Kuna dada alinunua kitambaa jioni dukani kwa jirani yangu akidhani ni cheupe, asubuhi akarudi nacho, kumbe cha njano. "Dada, taa zinadanganya," nikamwambia, huku navunjika mbavu.

Mke wangu alipojifungua binti yetu, alikwenda kulelewa kwa mama yangu, Chanzuru. Kwetu mzazi na mtoto hawatoki nje mpaka arobaini. Mama aliziba dirisha kwa kanga, taa ikawa inawaka mchana kutwa. Nilipofika, shikamoo yangu haijapoa, akanivaa.

"Taa gani hii, utadhani mochwari! Inamchoma mtoto macho. Na wewe unajiita fundi?"

Kwenye begi nilikuwa na ya njano. Nikabadilisha palepale, chumba kikatulia, nikajiona mwanaume kweli.

Siku ya tano mtoto akawa analala mno. Ziwa analishika kidogo, analiachia. Mke wangu akasema, "Mume wangu, rangi ya huyu mtoto siielewi." Nikamwinamia chini ya taa yangu. Wote tulikuwa rangi moja: mimi, yeye, shuka, ukuta.

"Maji ya kunde huyo, kamchukua bibi yake," nikamjibu. Akakubali, akamfunika mtoto, maana mjuaji wa taa ni mimi.

Siku ya saba ilikuwa ya kumnyoa nywele. Macho ya mama yameanza kuchoka, akaogopa kushika wembe mle ndani, akambeba mpaka mlangoni penye jua. Nikasikia yowe. Nilipotoka nikamwona mwanangu kwa mara ya kwanza: ngozi kama iliyopakwa binzari, na macho vilevile. Jamani, alikuwa hivyo tangu lini?

Hospitali walimlaza chini ya taa za bluu zinazotibu manjano, ile ile bluu niliyomnyima. Nesi akaniuliza kwa upole, "Hamkuona?" Akanieleza kwamba manjano yalikuwa yameshafika kwenye ubongo. Bora angenitukana.

Binti yangu alipona, tukamshukuru Mungu. Ana miaka minne sasa, mkaidi, anakimbiza kuku uani siku nzima. Ila hasikii, hata radi ipige juu ya bati. Mke wangu hajawahi kunilaumu, na mimi naogopa kumuuliza.

Nyumbani kote nimefunga balbu nyeupe. Nikitaka kumwita, nawasha na kuzima mara mbili. Anageuka, ananikimbilia akicheka.