Mama Aliniambia Nivue Kichwa

Wadau, juzi mama yangu mzazi aliniambia nivue kichwa. Nikakaa chini nikalia.

Subirini niwaeleze.

Mama amepoteza kumbukumbu. Mimi, kitinda mimba wake, ndiye ninayemwogesha na kumlisha. Kisha namwachia jirani, naenda kupiga pasi hotelini mpaka jioni.

Nikirudi, makaribisho yangu ni haya: "Binti, umetumwa na nani?"

Asante ya punda ni mateke, wanasema. Mimi hata teke silipati.

Ukimuuliza nani anamtunza, anaonyesha picha ya kaka yangu ukutani. "Mwanangu huyo. Bila yeye ningeshaoza."

Kaka yuko ng'ambo. Hupiga simu Jumapili, akikumbuka.

Simchukii, jamani. Nimechoka tu, uchovu wa kulala nao na kuamka nao.

Sasa taarifa ya habari ikawa inamtisha mama. Anadhani mabomu yako uani kwetu. Nikamwita fundi wa tivi, akachomeka flashi yake.

"Mwekee filamu hizi. Mashujaa wa Kijapani."

Kumbe ni watu waliovaa kofia kama za pikipiki, macho ya panzi, wanapigana na jitu la mpira huku cheche zinaruka. Nikaona huyu fundi ananichezea.

"Ziko nyingi. Nianzie wapi?"

"Popote, dada. Kila mwaka shujaa mpya, hadithi mpya. Hakuna anayekudai uikumbuke ya zamani."

Nikamtazama mama. Basi hizi zimempata mwenyewe.

"Ila ujue," fundi akaendelea, "huyo kijana mtanashati anayeigiza shujaa, akishabadilika na kuvaa kofia, si yeye tena. Ndani ya vazi anaingia mtu mwingine. Huyo ndiye anayepigwa, anayeanguka, anayetokwa jasho. Sura yake huioni."

Mama alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

Tukaanza. Kila jioni mimi nasinzia kitini, mama yuko vitani. Shujaa akikunja mikono kifuani ili abadilike, naye anakunja. Nikimpa chai, ananiambia nisubiri jitu life kwanza.

Na mimi nikanasa. Nikawa nauliza kabla sijavua viatu, "Yule mwovu mwenye pembe amekufa kweli?"

Juzi sasa. Mashine ya hotelini iliharibika, tukanyoosha mashuka yote kwa mkono. Nikarudi nimelowa jasho, nikamkuta mama amejikojolea.

Nikamwinua, nikamwosha, nikambadilisha nguo. Sikuwa na nguvu hata ya kununa.

Akanishika uso kwa mikono miwili. Vidole vyake vikapapasa chini ya kidevu changu, kama anatafuta kamba ya kofia.

"Vua kichwa hiki," akasema. "Upumue."

"Mama, ni mimi."

"Najua. Yule wa ukutani ndiye wanayemwonyesha." Akanifuta jasho kwa ncha ya shuka. "Wa ndani ni wewe. Pole, mwanangu."

Mwanangu. Hata mimi nilikuwa nimesahau mara ya mwisho kuitwa hivyo.

Asubuhi yake nikamwamsha.

"Binti, umetumwa na nani?"

Nikampa chai, nikawasha tivi. Hadithi mpya.

Wadau, kila nyumba ina anayetajwa na anayetoka jasho. Ukimjua wa pili, mpe pole yake leo, ukiwa na akili zako timamu. Humo ndani kuna joto.