Tulivyompelekea Mmarekani Msaada

Mkosaji wa kwanza ni mwalimu wa Kiingereza. Nitawataja wote kwa kazi zao, maana majina yao wanayo wenyewe na mimi hayanisaidii kitu. Huyu mwalimu wa darasa letu pale Campbelltown, hapa Sydney, alitwambia tusome kila siku maandishi ya mtu wa kawaida, mtu anayeandika mambo ya nyumbani kwake. Mimi niliacha shule darasa la nne, kabla mwaka haujaisha. Mwalimu akiniambia soma, nasoma. Ndivyo nilivyoangukia blogu za Wamarekani.

Mwaka mzima, kwenye treni ya asubuhi ya kwenda Ingleburn kazini, nilikuwa naishi Amerika. Kulikuwa na mzee aliyeandika kurasa saba juu ya mashine ya kukatia majani aliyonunua, kisha kurasa nne za kuijutia, kisha akanunua nyingine akaanza upya. Kulikuwa na mume na mke walioapa kutonunua kitu, wakaanza kwa kununua kitabu kinachofundisha kutonunua. Kulikuwa na msichana aliyewauliza wasomaji wake kama achukue birika jekundu au la kijivu, na watu wazima wenye watoto wao wakaacha kazi wakamjibu.

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Kwetu mtu hueleza kwa nini hakununua: mshahara haujatoka, mtoto anaumwa, bei imepanda. Wale hueleza kwa nini walinunua. Bei ilishushwa. Wiki ilikuwa mbaya. Ninastahili. Lile la zamani lilikuwa linanitia huzuni nikilitazama. Ni kitubio kitupu, ila padri hayupo, na dhambi inarudiwa Jumanne.

Niliwaelewa kidogo kwa sababu ya kazi yangu. Ghalani nafungua vifurushi vilivyorudishwa na wateja. Viatu vilivyokwisha kutembea, gauni lenye jasho la harusi ya mtu, sufuria iliyopika mara moja ikachukiwa. Kila kimoja kinakuja na karatasi ya sababu, na sababu kubwa ni ile ile: mteja amebadili mawazo. Kwa saa nane kila siku nashika mawazo ya watu yaliyobadilika.

Niliyempenda zaidi alikuwa mama mmoja wa rika langu, wa jimbo lenye theluji. Zamani alinunua kama mwehu, mwenyewe aliandika hivyo. Kisha akaanza kuvitoa vitu, kila wiki picha ya mifuko inayoondoka. Mwishowe akatangaza mwaka mzima wa kutonunua nguo wala chombo, akapiga picha za nyumba yake. Sebuleni kiti kimoja. Jikoni kikombe kimoja na sahani mbili. Kabatini nguo tano zinaning'inia mbalimbali kama watu waliogombana. Chini akaandika kwamba maishani mwake hajawahi kuwa na furaha kama hii.

Kosa langu, nalikubali, ni kuwaonyesha wamama wa kanisa picha zile. Tulikuwa ukumbini Jumamosi tunangoja sombe la majani ya muhogo liive, nikaitoa simu ili tucheke. Hawakucheka. Simu ilizunguka mikono yote. Sisi wote tunatoka Kivu. Nyumba ya namna ile tunaijua: kuta zipo, mlango upo, ndani pamefagiwa.

"Walimwachia kiti," akasema mmoja.

"Kiti kibovu huwa wanaacha," mwingine akamjibu.

Nikawaeleza kwamba hakuporwa, kwamba vitu alivitoa mwenyewe kwa hiari yake. Mama mwenyekiti, ambaye ndiye mkosaji wa pili na ndiye mkubwa wao, alivua miwani akanitazama.

"Na anasema ana furaha?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi nilimwambia hivyo yule mzungu wa kambi ya wakimbizi aliyekuja kuniuliza."

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Kwetu nyumba ikiporwa, majirani hawaulizi nani wala kwa nini. Kila mmoja anakuja na kitu kimoja mkononi, na sharti kiwe kitu kinachomuuma. Mwenyekiti ana msemo wake wa zawadi: kadoo isiyouma ni takataka. Wiki iliyofuata likaletwa boksi, na ndani yake vikaingia sufuria ya kusongea fufu, mwiko mrefu, vikombe vya bati, blanketi, kandambili. Wakabishana nusu saa kama Mmarekani anajua kuogea ndoo. Ndoo ikaingia. Mchungaji, mkosaji wa tatu, aliliombea boksi, akasema Mungu haangalii pasipoti, kisha akatia kalenda ya kanisa yenye picha yake.

Halafu mwenyekiti akanigeukia mbele ya wote.

"Wewe ndiye ndugu yake. Wewe unatoa nini?"

Nikasema nitatoa birika.

"Birika linakuuma wapi?"

Wakanitazama wote. Nina vitenge vingi, lakini kimoja si kama vingine. Ni cha buluu, chenye ndege wa njano. Nilivuka mpaka nacho, binti yangu akiwa mgongoni, na kambini tulikilalia miaka sita. Mwenyekiti alikijua, kambi yetu ilikuwa moja. Hakukitaja. Alinyamaza tu, na kwa kunyamaza huko anajua kuua mtu. Nikaenda nyumbani kwa hasira, nikakileta kwa hasira, nikakiweka juu ya ndoo, nikalifunga boksi mimi mwenyewe. Kufunga boksi hakuna anayeniweza Sydney nzima. Anwani tulikuwa nayo: yule mama ana sanduku la posta ambalo makampuni humtumia bidhaa ili azisifu.

Usiku ule ule nilianza kujuta, lakini boksi lilikuwa limeshakwenda.

Baada ya wiki nyingi akaandika. Alilia, alisema. Alipanga vitu vyetu sakafuni kimoja kimoja akavipiga picha, na wasomaji wake wakalia naye. Mmoja akauliza mwiko kama ule unauzwa wapi. Kisha akaeleza falsafa yake: zawadi humaliza kazi yake pale inapopokewa, baada ya hapo unaweza kuiaga kwa shukrani ikaenda zake. Akaishukuru sufuria, ikaenda. Akaishukuru ndoo, ikaenda. Akaishukuru kalenda ya mchungaji. Akakishukuru kitenge changu kwa rangi zake nzuri, akakipeleka na vingine kwenye duka la mitumba.

Nilisoma hayo nimesimama stesheni, treni ikaja, ikaondoka, mimi bado nimesimama. Utoto wangu wote nilivaa mitumba ya Amerika. Sasa Amerika inavaa ya kwangu.

Nikamwomba binti yangu aniandikie barua pepe, Kiingereza chake kimenyooka. Yeye ni mkosaji wa nne. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba zawadi haidaiwi, kwamba nitamtia aibu, na kwamba nijifunze kuachilia vitu. Maneno yale yale ya yule mama!

"Wewe ndiye uliyekuwa mgongoni," nikamwambia.

Akasema yeye hakumbuki.

Kuhusu aibu alikuwa na haki. Hata kwetu anayerudisha mkono kuchukua alichotoa ni mtu ovyo, na mwenyekiti akisikia nitatolewa kwenye kikundi. Lakini kile kitenge nilikitaka. Niliandika peke yangu, siku tatu, kwa Kiingereza ninachokijua, na Kiingereza ninachokijua ni cha karatasi za ghalani. Niliandika: Nimebadili mawazo. Naomba kitu kirudishwe. Hali yake: kimetumika. Sababu: ni changu.

Alinijibu siku ile ile kwa uchungu mwingi. Alikimbia dukani na gari, akakikuta kitenge dirishani kimetandikwa juu ya meza kama kitambaa cha kulia chakula. Tatizo likawa moja tu. Ulikuwa mwaka wake wa kutonunua.

Basi akawauliza wasomaji.

Siku mbili walibishana. Mmoja alisema kununua ulichotoa mwenyewe si kununua. Mwingine akasema ni kununua mara mbili. Mwingine alishauri angoje mwaka uishe, imebaki miezi mitano tu. Mimi nasoma, stesheni ya Leumeah nasoma, ya Minto nasoma, na kitenge changu kiko dirishani kinapigwa jua, na mtu yeyote mwenye mfuko wake anaweza kuingia akakichukua. Sijapata kuwachukia watu nisiowajua kama nilivyowachukia wale. Hakuna hata mmoja aliyesema: mpe mwenzako nguo yake.

Siku ya tatu akapata njia. Alikwenda dukani na kile kiti chake cha pekee, akawaomba wabadilishane. Wakakubali. Akapiga picha ya sebule isiyo na kitu kabisa, akaandika kwamba amekaa sakafuni na furaha imezidi.

Kitenge kilifika kimepigwa pasi, kinanukia sabuni ya maua. Nilikifua mara tatu harufu ile itoke. Binti yangu alikishika, akakirudisha kitini. Jumapili nikakivaa, maana ningekificha ndani ya sanduku ningekuwa sijakipata bado.

Baada ya ibada mwenyekiti akanijia. Akaushika upindo kwa vidole viwili, akaugeuza, akaupapasa mpaka mwisho.

"Kitenge kizuri, mama. Umenunua wapi?"

"Amerika."

"Wanauza huko?"

"Huko wanauza kila kitu."

Akatikisa kichwa. Nadhani alijua tangu aliponiona mlangoni. Kisha akatoa simu yake, maana siku hizi wamama wote wanamsoma yule Mmarekani kuliko mimi, akawaonyesha sebule tupu. Wakasogea. Mmoja akashika mdomo. Mwenyekiti akasema wamerudi wale waporaji, safari hii wamebeba mpaka kiti, na akaanza kuuliza, akizunguka kutoka kushoto, nani anatoa nini.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshakaza fundo la kitenge mara mbili.

"Mimi mwaka huu sitoi," nikasema. "Andikeni hivyo."