App ilivyomwambia mamangu, mzaliwa wa Mvita, aandike Kiswahili

Wakuu, asalaam aleikum, na msiosalimiana hivyo, hamjambo nyote.

Haya yametokea nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Sijatia chumvi. Chumvi yote iliingia kwenye sambusa, na hizo sambusa ndizo kisa chenyewe.

Nitakwenda polepole, maana humu kuna watu wa bara na wa Bongo, na bila Kimvita kidogo mtaniona nimechanganyikiwa. Msijali, nitawashika mkono.

Mamangu, Bi Rukia, anapika sambusa za kuuza. Tangu baba afariki hiyo ndiyo kazi yake, na ana msimamo: hataki kumwomba mtoto yeyote hela ya sukari.

Wateja wake ni wa mtaani. Wanabisha mlango, wanaamkiana, wanaulizana habari za wagonjwa, kisha ndiyo sambusa zinatajwa.

Sasa kuna mama mmoja wa Kizingo, kule ambako mtu huwasha gari kwenda kununua maziwa, alizionja arusini. Akataka apelekewe Jumamosi saa nne asubuhi, ana kikao cha kina mama nyumbani kwake. Akasema zikifika kwa wakati na zina moto, atachukua kila Jumamosi.

Mteja wa kila wiki, wakuu! Mamangu siku hiyo alikuwa akiosha vyombo na huku anaimba.

Ila yule mama alitoa sharti moja: zitumwe kwa app, ili aone kwenye simu zimefika wapi. App gani sisemi. Ni zile zile.

Nikamwekea mama kwenye simu yake, nikamfundisha.

"Hapa unabonyeza. Kisha unasubiri."

"Nikimaliza kusubiri?"

"Unasubiri tena."

Akaniangalia kama niliyemuuzia samaki wa juzi.

Jumamosi ilipofika nilikuwa kazini Shimanzi, kwenye ghala, malori yamefunga barabara huku na huku. Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa, na mengine niliyasoma mwenyewe kwenye chat ya mama.

Tatizo la kwanza lilikuwa anwani. App inataka nambari ya nyumba na jina la barabara. Nyumba yetu inajulikana hivi: kwa Bi Rukia, mkabala na msikiti, mlango mkubwa wa nakshi. App haina mahali pa kuandika nakshi.

Basi ikachagua yenyewe. Ikamweka mamangu ndani ya Ngome ya Yesu.

Rider alikuwa kijana anaitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mgeni Mombasa. Akaifuata ramani mpaka lango la Ngome. Guide mmoja akamuuliza anapenda azungushwe kwa Kiingereza au Kijerumani. Ndipo akampigia mama simu.

"Hello, uko wapi?"

"Asalaam aleikum, mwanangu. Waambaje? Wa nyumbani hawajambo?"

"Madam, mimi ni rider. Nauliza uko wapi."

"Ndoo, baba. Ndoo moja kwa moja."

"Ndoo moja?"

"Moja kwa moja, mpaka kwenye mlango mkubwa."

"Ndoo kubwa. Sawa. Lakini si hapa wameandika chakula?"

"Ndicho hicho chakula, chapoa! Ndoo, ndoo!"

"Kumbe ni mbili?"

Hapa tusimame kidogo niwaeleze.

Kwetu Mvita, njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Na ndoo ya kutekea maji pia ni ndoo. Mamangu na wa rika lake hawazichanganyi hata kidogo, kwa sababu ile ya kumwita mtu, ulimi unagusa meno. Ukikosea watakusahihisha.

Lakini sikio la Bungoma halijazoea kusikiliza meno ya mtu, na kwenye simu ndiyo kabisa.

Kwa hiyo msimcheke Wafula. Yeye alitumia akili. Akawaza: ndoo mbili kubwa za chakula, bila shaka ni supu, na supu kwa pikipiki itaishia barabarani. Akaandika kwenye chat: "Mum ndoo mbili haziingii kwa boda. Wacha nitafute tuktuk."

Mama kusoma hivyo akashtuka. Akakumbuka kile kitufe cha msaada nilichomwonyesha, akakibonyeza.

Anayejibu pale si mtu. Ni mashine imepewa jina la kike na picha ya msichana anayecheka. Nanukuu chat neno kwa neno:

Mama: Kijana namwambia ndoo, haji.

Mashine: Pole sana! Je, ndoo yako haijafika?

Mama: Si yangu, ni yeye. Namwambia ndoo asema atafuta tuktuk.

Mashine: Samahani, huduma yetu ya chakula haisafirishi vyombo vya nyumbani.

Mama: Ewe mwana, wanielewa kweli? Yuko papo Ngomeni na ndia aiona.

Mashine: Samahani, sijakuelewa. Tafadhali andika kwa Kiswahili au Kiingereza.

Wakuu.

Huyu ni mwanamke aliyezaliwa Mvita, na mama yake Mvita, na bibi yake Mvita. Anaambiwa na kitu kisichojua hata kuamkia kwamba aandike Kiswahili!

Akanipigia. Nilidhani atakuja kwa ukali, na ukali ningeuweza. Akaja kwa sauti ndogo.

"Mwanaisha, hivi Kiswahili changu kina nini?"

"Hakina kitu, mama."

"Mbona mashine imenikataa?"

Lori lilikuwa linapiga honi nyuma yangu, nikasingizia simsikii.

Hata sijaweka simu mfukoni, yule mama wa Kizingo naye akapiga. "Bi Mwanaisha, app inaniambia nimeshapokea. Nimepokea nini?"

Kumbe kwa vile Wafula alikaa sana Ngomeni, app iliamua yenyewe kwamba kazi imekwisha. Ikamfungia safari Wafula, ikamtakia mteja mlo mwema.

Wafula hakukata tamaa, nampa heshima yake. Aliiacha pikipiki yake na tuktuk aliyoikodi mdomoni mwa kichochoro, akauliza kwa muuza kahawa, akaonyeshwa mlango. Akafika na kamba begani.

"Shikamoo, mama. Ndoo ziko wapi?"

"Ndoo za nini? Umekuja kuteka maji?"

Wakabaki wakitazamana. Katikati yao sambusa ziko kwenye masinia, zimefunikwa, moshi umeanza kuisha. Jirani yetu Bi Amina alikuwa dirishani juu, na yeye ndiye aliyewaokoa, baada ya kucheka kwanza.

"We kijana, umeitwa! Ndoo ni njoo! Saa nzima mwenzio anakuita!"

Wafula akashika kichwa. "Mama, pole. Mimi nilijua unauza supu."

Saa nne ilikuwa imeshapita. Na kwa mujibu wa app, Wafula hakuwa na mzigo wowote wa kubeba.

Mama akavaa buibui. "Hiyo tuktuk yako iko wapi?"

Akapanda na masinia mapajani. Wafula akatangulia na pikipiki, hotipoti ya chatini ya kuchovya sambusa iko ndani ya sanduku lake, kama msafara wa waziri.

Langoni Kizingo, askari akamzuia mama. "App imekupa code?"

"Imenipa kizunguzungu. Hizi ni sambusa."

Lango likafunguliwa.

Kina mama walikuwa wameshakunywa chai na biskuti, wanavaa viatu waondoke. Mama akafunua sinia moja tu. Mmoja akavua kiatu, na wa pili akafuata. Wakakaa tena, na nimeambiwa kikao cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza.

Mwenye nyumba akamvuta mama pembeni. "Bi Rukia, sambusa sina neno nazo. Lakini saa nne ni saa nne."

"Saa nne ni saa nne," mama akajibu. "Ila kidude chenu sikitaki. Nitazileta na mtu wangu."

Mtu wake alikuwa nje ya lango, mdomo umejaa sambusa.

Wakakubaliana.

Jioni app ikamtumia mama ujumbe: "Umeionaje huduma yetu?" Akanisomea jibu lake niandike: "Hamna adabu na hamna masikio." Mashine ikajibu papo hapo: "Asante kwa maoni yako mazuri!"

Jumamosi iliyofuata Wafula alipiga simu mwenyewe: "Asalaam aleikum, mama. Niko nde." Nde ndiyo nje, wakuu. Mama akaniambia, "Huyu atahitimu kabla ya mashine."

Funzo langu ni dogo. Mzazi wako akishindwa na app, kaa naye umweleze, rudia hata mara kumi, ataweza tu. Lakini usimwache aamini kwamba aliyekosea ni yeye. Mimi lile swali la "Kiswahili changu kina nini" bado linaniuma, na waliotengeneza kile kitu sidhani kama wanajua kuna mtu aliuliza.

Nyinyi lugha ya kwenu imewahi kuwaponza wapi? Mwageni hapa chini, nasoma zote. Wa bara msione haya, hapa hatumsahihishi mtu. Na nyie wa Lamu msijifanye hamuoni uzi huu, yenu tunajua ni mazito zaidi.