Waridi la Bibi na Ndoo ya Mavi ya Kuku

Nilipokuwa mtoto kule Naipingo nilikuwa na cheo: mbeba mavi ya kuku. Kila Jumamosi nilikwangua banda, nikajaza ndoo, nikatia maji, na ndoo ikawekwa nyuma ya choo ichache. Ikishachacha, harufu yake ilitoka yenyewe kunipokea nikirudi shule. Hadi leo yai nalila kwa mashaka.

Kile kilikuwa chakula cha waridi la bibi. Bibi, mzaa mama, alikuwa akiwafulia masista wa misheni, na siku moja walimwambia yeye na wenzake wachague maua bustanini. Wenzake walichukua mbegu za maua ya msimu. Bibi akakata kijiti cha waridi jekundu.

"Nimezika watoto wa kutosha," alisema. "Sipandi tena kitu cha kufa mwaka huohuo."

Alikichomeka karibu na mlango, akakifunika majani makavu shinani, na kila ua lililonyauka akalikata. Ndoo yangu ikiiva, aliikoroga kwa kipande cha mchi uliovunjika, akaizimua kwa maji, akalinywesha waridi. Mimi naziba pua, yeye ananitania: "Mume wangu, kwa pua hiyo hutapata mke wa kulima."

Shida ilikuwa kiangazi. Kwetu miezi ile kila kitu hukauka, hata mbwa hugeuka rangi ya vumbi. Na mlangoni kwa bibi, waridi limechanua, jekundu. Watu walikuwa na imani yao: ua linalochanua wakati nchi imekauka halinywi maji, linanywa mtu. Basi mtoto wa jirani yetu, Mama Anjela, alipopauka viganja na kuishiwa damu, hakuna aliyeuliza damu imekwenda wapi. Si ile pale mlangoni?

Huku kusini, aliyeshukiwa uchawi alinyolewa. Mganga akaitwa. Bibi akakalishwa chini uani kwake mwenyewe, akanyolewa kwa wembe mkavu, kisha akanyweshwa dawa iliyoelea nywele zake. Majirani tuliokaa nao benchi moja kanisani walisimama wakitazama, wakifyonza mabibo, maji yanawatiririka kidevuni hadi kifuani. Sauti ile ya kufyonza siipendi mpaka kesho.

Mganga akaamuru waridi ling'olewe. Wakaling'oa kwa jembe. Lakini mimi nilikuwa mfupi, na mfupi huona mambo ya chini: kila mwanamke alivunja kijiti akakisokomeza ndani ya kanga. Mama Anjela alivunja viwili. Kwa sababu ipo na imani nyingine, kwamba ua la kuomba hufa, la kuiba ndilo hushika. Jamani, ua limekunywa damu ya mwanao, na bado unalitaka mlangoni kwako? Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika, na safari hii ndoo haikuhusika.

Mtoto alipelekwa hospitali ya misheni, akapewa dawa za minyoo na za kuongeza damu, akapona. Sifa akapewa mganga.

Kiangazi kilichofuata, vijiti vya wizi vilikuwa vimeshika mji mzima, ila havitoi ua. Mama Anjela akaja, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Lile ua mlikuwa mnalilishaje?"

Nilimwomba Mungu bibi amfukuze. Bibi akaweka sawa kitambaa juu ya nywele zilizokuwa zimeota kwa mabaka, akamweleza yote: mavi, maji, siku za kuchachisha, kuzimua. Kisha, bila hata kutabasamu:

"Ila msikoroge kwa mti. Mkono. Mpaka kiwiko. Na pua isizibwe. Ua likijua mnalichukia, halichanui."

Nikautazama mchi pale ukutani. Bibi akanitazama mimi. Nikafumba mdomo.

Mwaka huu nimekwenda kuangalia nyumba ya marehemu bibi. Naipingo yote ni mawaridi. Nimemkuta Mama Anjela, kizee sasa, kainamia ndoo, mkono umezama. Binti mmoja wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya Ziwa, aliyemletea samadi, alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu.

"Bibi, si mtumie mti tu?"

"Wewe mgeni, hujui. Hii ni mila yetu." Akanigeukia. "Bibi yako alituachia elimu, baba."

Nimepata mkate wangu kwa kuchekesha watu maisha yangu yote, na sijawahi kutunga mzaha uliodumu hata nusu ya ule. Miaka yote nilidhani bibi alisamehe. Hapana. Alichagua kisasi kisichokufa mwaka huohuo, akajua na namna ya kukitunza. Walimnywesha uchafu siku moja. Yeye kawakorogesha wa kwao maisha mazima, na wanauita mila.

Ningeweza kumwambia ukweli yule mama. Harufu ikanifikia, ileile, nikakumbuka nywele zikielea kwenye bakuli.

"Bado kidogo, mama," nikamwambia. "Kiwiko hakijazama."