Hela ya Kuonyeshwa Vyumba vya Watu

Kuna siku moja inayonirudia mara kwa mara, mwanangu, hasa nikiwa safarini na kichwa kimeegemea kioo cha basi. Nimelala miji mingi tangu wakati huo, Tabora, Kahama, Mbeya, na kila mji una chumba nilichokiacha. Lakini chumba kinachonijia zaidi ni kimoja ambacho sikuwahi kulala ndani yake hata mara moja. Nilikiona kupitia dirishani tu, kule Unyambwa, pembezoni mwa mji wa Singida. Na hata huko kukiona tu nilitoa hela.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeoa, na nimepata kibarua cha kubeba magunia kwenye mashine ya kukamulia alizeti. Nilikuwa nalala hapohapo stoo, juu ya magunia ya mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, na nguo zangu zote zilinukia mafuta. Mke wangu, Mariamu, alikuwa bado kwao Mitundu na mtoto wetu wa kwanza, ambaye alizaliwa mguu wa kushoto umegeukia ndani, kama vile anataka kuutazama unyayo wake mwenyewe. Daktari alituambia mguu ule unanyooka, ila mtoto afungwe plasta ngumu kila wiki kwa miezi kadhaa, hospitali ya mjini, na tuanze mapema wakati mifupa bado laini. Tarehe ya kuanza tukapewa. Kutoka Mitundu kuja Singida kila wiki na kichanga mgongoni, kwa barabara ile ya wakati ule, haikuwezekana. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: kupata chumba kabla ya tarehe hiyo.

Hela ilikuwepo. Baba mkwe alikuwa na mizinga porini, upande wa Itigi, na Mariamu aliuza madumu yake mawili ya asali akanipa fedha yote ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Ilitosha kodi ya miezi mitatu. Aliniambia, "Baba Juma, hii ni miguu ya mtoto."

Sasa chumba unakipataje kwenye mji usiokujua? Wenzangu pale mashineni wakanielekeza kwa dalali mmoja, kijana wa rika langu, watu walimwita Chapuchapu. Alikuwa na shati safi, baiskeli ya kuazima, na mdomo mtamu kuliko ile asali. Utaratibu wake ulikuwa huu: kabla hajainua mguu, unampa hela ya usumbufu. Ukikiona chumba usikipende, hela hairudi. Ukitaka kuona kingine, unalipa upya.

"Kaka, mimi nauza macho," aliniambia siku ya kwanza. "Ukishaona, umeshapata bidhaa."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Alinipeleka Unyambwa, kwenye nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma yenye milango mitano inayotazama uani. Kabla hatujaingia akanishika bega. "Nisikilize vizuri. Ukiingia humu, usiseme neno. Wakisikia lafudhi ya Mitundu watajua una shida, kodi inapanda hapohapo. Hata salamu niachie mimi."

"Hata salamu?"

"Hata salamu. Kazi ya mdomo ndiyo unayonilipia."

Uani kulikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye mkeka, anatandaza majani ya mlenda yakauke. Chapuchapu alimpita mbiombio, akatupa shikamoo moja kama mtu anayetupa ganda la muwa, akasema anamfuata rafiki yake. Mimi nilipita nyuma yake macho chini. Nikisema hivi leo naona aibu hadi kwenye vidole, mwanangu. Mtoto wa watu, nimelelewa na mama aliyekuwa hanipi uji mpaka nimemaliza kuamkia kila mkubwa aliyelala pale nyumbani, nikampita mwanamke wa umri wa bibi yangu kana kwamba nimepita kisiki.

"Yule nani?" nilimnong'oneza.

"Mpangaji tu. Hasikii vizuri. Mwenye nyumba yuko Dodoma."

Mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo alinionyesha chumba kupitia dirishani. Aliyepanga humo yuko kazini, alisema, anahama mwisho wa mwezi. Nikaweka viganja pembeni ya macho, nikatazama.

Nikuambie nilichokiona. Niliona birika la bluu juu ya stuli. Niliona pazia la maua, na nyuma yake kitanda kilichotandikwa vizuri, na mwanga wa saa kumi ukiwa umelala sakafuni mraba mmoja wa njano. Upepo wa Singida unaujua, hauishi kuvuma. Ulikuwa unaliinua pazia na kulishusha, polepole, kama kifua cha mtu aliyesinzia. Na mimi nikaingia ndani ya kile chumba nikiwa nje. Birika likawa la Mariamu. Kwenye ule mraba wa mwanga nikamwona mtoto amekaa, miguu yote miwili imenyooka mbele yake. Nikajiona natoka kazini, navua viatu mlangoni. Nilisimama pale mpaka Chapuchapu akanivuta shati.

Ningekuwa na akili ningesema nimekipenda, nipeleke kwa mwenye nyumba. Sikusema. Nilimwambia, nionyeshe na kingine.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu, na sitamsingizia mtu. Watu wengi wakitapeliwa wanasema walikuwa na haraka. Mimi sikuwa na haraka, nilikuwa nimenogewa. Kila jioni baada ya kazi nilimtafuta Chapuchapu, nikafungua kile kitambaa, nikampa ya usumbufu, tukaenda kuchungulia dirisha jingine. Chumba kimoja kilikuwa karibu na ziwa, nikajiona nasikia ndege wa majini alfajiri. Kingine kilikuwa kimeegemea jiwe kubwa, nikafikiri kivuli chake kitampoza mtoto mchana. Katika kila chumba niliishi maisha mazima kwa dakika kumi, kisha nikarudi kulala kwenye mashudu nikitabasamu. Mtu aliyezaliwa na hamu ya kwenda mbele kila siku, hiyo ndiyo pombe yake. Pale Unyambwa peke yake nilikwenda mara tatu, na mara zote tatu yule bibi alikuwa kwenye mkeka wake, na mara zote tatu nilimpita kimya.

Siku chache kabla Mariamu hajafika, nikakata shauri: chumba cha birika la bluu. Chapuchapu akasema sawa, ila wapo watu wengine wawili wanakitaka, nitoe hela ya kukishikilia. Nikatoa. Kitambaa kilipobaki chepesi ndipo nilipoanza kuogopa kidogo, lakini ndoto ilikuwa bado nzito kuliko hofu.

Mariamu alishuka stendi Jumamosi mchana, mtoto mgongoni, godoro limekunjwa kichwani kwa mchukuzi. Hospitali walikuwa wanatusubiri Jumatatu. Chapuchapu hakuonekana stendi, wala kijiweni kwake. Nikasema si kitu, njia naijua.

Tulipoingia uani, mlango wa kile chumba ulikuwa wazi. Mwanamke mmoja mwalimu, daftari za wanafunzi mkononi, akatoka akatukuta tumeshusha godoro mbele ya kizingiti chake.

"Karibuni. Mnamtafuta nani?"

"Tumekuja kuhamia," nikasema.

"Kuhamia wapi?"

"Hapa. Si unahama?"

Alinitazama, akamtazama Mariamu, akaangalia lile godoro. "Nani kasema nahama? Nimelipa mpaka mwakani."

Mariamu alifanya jambo moja ambalo mimi katika mara zangu tatu sikulifanya. Aligeuka, akaenda mpaka kwenye mkeka, akapiga goti na mtoto wake mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmetoka wapi na jua hili?"

"Mitundu, bibi."

"Mitundu! Mbali huko. Mtoto ana nini mguuni?"

Na wakaanza. Kwa dakika chache bibi aliyekuwa hasikii vizuri alikuwa ameshajua habari za mguu, za daktari, za Jumatatu, za mizinga ya baba mkwe, na mvua ilivyokuwa Itigi. Ndipo akanielekezea kidole.

"Na huyu ni mumeo?"

"Ndiye, bibi."

"Namjua. Amepita hapa mara tatu anachungulia madirisha kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nikasema maskini, labda bubu."

"Si bubu, bibi. Huyu anaongea hata usingizini."

Mwalimu alicheka mpaka akashika nguzo. Bibi hakucheka. "Basi kijana, njoo hapa. Unajua nyumba hii ni ya nani?"

"Nimeambiwa mwenyewe yuko Dodoma."

"Mwenyewe ndiye huyu anaanika mlenda. Siku ile ya kwanza ungeniamkia, ningekuuliza umefuata nini. Ndivyo watu wanavyoanza. Ungeniambia, ningekwambia kile cha mwalimu kina mtu, na hiki cha mwisho kiko wazi, chukua. Kilikaa wazi wiki mbili nzima, wewe unapita. Juzi nimempa fundi baiskeli." Akageuza majani. "Ulimlipa yule mtoto hela ili usiniamkie. Mimi nina miaka mingi, sijapata kuona mtu ananunua ukimya kwa bei hiyo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mariamu akauliza taratibu, bila hata kupandisha sauti, "Hela ya asali iko wapi, Baba Juma?"

"Nimeonyeshwa vyumba."

"Vyumba vya nani?"

"Vya watu," nikasema.

Hakulia. Alimhamisha tu mtoto kutoka mgongoni akampakata, akaushika ule mguu mdogo kwenye kiganja, akakaa hivyo. Nimesafiri sana, mwanangu, na nimeona mengi ya kusahaulika, lakini kile kiganja bado nakiona.

Bibi alikuwa na stoo ya mahindi nyuma ya nyumba, chumba kidogo chenye dirisha moja la kupitisha ngumi. Akamwambia mwalimu amsaidie kutoa magunia. "Mama na mtoto wataingia leo. Kodi watalipa mwisho wa mwezi, kidogokidogo. Lakini wewe," akanitazama, "rudi ulikokuwa unalala. Kila asubuhi kabla ya kazi utapita hapa utuamkie, mmoja mmoja. Nikiona umejua, nitakwambia ingia."

Nikadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwezi mzima nilipita kila asubuhi na nguo zangu za kunukia alizeti, nikamwamkia bibi, nikamsabahi mwalimu, fundi baiskeli, na mke wangu mwenyewe aliyekuwa anaficha kicheko kwenye kanga. Mwezi ulipokwisha, bibi akaniambia ingia. Jumatatu ile mtoto alifungwa plasta yake ya kwanza, na Jumatatu zilizofuata, na mguu ukanyooka. Lakini ile stoo ilivuja, panya walikula kona ya godoro, na deni la kodi lilitumaliza msimu mzima. Chapuchapu nilikutana naye baadaye karibu na stendi. Wala hakukimbia. "Kaka," alisema, "nilikuonyesha, sikukuonyesha?" Na alikuwa sahihi, alinionyesha.

Siku hizi mambo yamekuja kwa sura nyingine. Nawasikia vijana wakisema dalali ametuma picha kwenye simu, chumba kina marumaru, kina feni, tuma kwanza ya usumbufu, tuma ya kukishikilia, wapo wengine wanakitaka. Picha ni dirisha lilelile nililochungulia mimi, ila sasa hata upepo wake huupati.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe ambaye begi lako limeshafungwa. Sikwambii madalali wote ni wezi; wapo wanaofanya kazi yao vizuri, na mtu akikutafutia kwa jasho lake mlipe. Lakini mlipe ukishamwona mwenye nyumba kwa macho yako, mmeandikiana mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na umeshaingia chumbani. Dalali akikuambia usizungumze na mtu, hapo ndipo uanze kuzungumza. Ukionyeshwa chumba leo, kesho rudi peke yako saa nyingine. Waamkie waliokaa uani, uliza maji yanatoka siku gani, uliza nani anapokea kodi. Kwa mwendo huo utajua mengi kuliko yote atakayokuambia mtu uliyemlipa. Na hela uliyopewa na anayekutegemea, usiifungue kwa sababu moyo wako umesikia raha. Raha ya kuota si mbaya, mimi bado naota hadi leo, ila ota kwa gharama yako mwenyewe.

Nenda salama. Mungu akupe chumba kisichovuja na mwenye nyumba mwenye huruma, na zaidi ya hivyo akupe majirani ambao siku usipotoka nje asubuhi, watakuja kugonga kuuliza kulikoni.